Masikio hayakomai kwa kelele

Upo ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: fundi wa grenda au mashine ya kusaga akivumilia miezi michache, masikio "hukomaa" na kelele hazimdhuru tena. Si kweli.

Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vinavyopokea mtikisiko wa sauti. Zikifa, hazioti tena. Huko kunakoitwa kuzoea mara nyingi ni usikivu uliokwisha pungua, tena kwa kuanzia sauti nyembamba: mtu anasikia anaitwa, lakini "s" na "f" zinampotea, hasa penye watu wengi. Kinachochanganya ni kwamba mwanzoni masikio yanayovuma jioni hutulia kufikia asubuhi, ukadhani hakuna kilichoharibika.

Jipime. Kabla ya kwenda kazini, weka redio kwenye sauti ya chini kabisa unayoelewa maneno, usiiguse tena. Ukirudi usipoelewa, kelele imezidi. Kama unalazimika kupaza sauti kwa mtu aliye umbali wa mkono, huenda mmeshafika desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ambapo mwisho wa kukaa kwenye kelele hiyo ni saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda hupungua nusu: desibeli 88, saa 4.

Pamba haitoshi. Kizibo cha sponji kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia sekunde 30 kitanuke. Kikining'inia nje, rudia.

Ukiupata ujumbe huo usiusambaze, hata kwa utani. Anayeanza kazi leo ndiye atakayeuamini.