"Ana kesi ya kujibu" maana yake si amepatikana na hatia

Mahakama ikisema mshtakiwa ana kesi ya kujibu, mtaani huwa imeshaisha: "Huyo kafungwa." Kumbe hakimu wala hajafika huko. Upande wa mashtaka ukishamaliza mashahidi wake, anachopima ni kama ushahidi huo, ukiachwa bila kujibiwa, unaweza kumtia mtu hatiani. Hauwezi? Anaachiwa huru hapohapo. Unaweza? Sasa ni zamu ya mshtakiwa: ajitetee, alete mashahidi wake, au anyamaze kabisa, na hilo nalo ni haki yake.

Kesi ya ugaidi ya Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani Chadema, ilionyesha vizuri. Februari 18, 2022, Mahakama Kuu ilisema yeye na wenzake watatu wana kesi ya kujibu. Machi 4, kabla hajaanza kujitetea, Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, aliiondoa kesi, Mbowe akatoka gerezani. Hukumu haikuwahi kusomwa.

Na hapo ndipo watu hujikwaa tena: DPP akiondoa mashtaka, wanasema mtu kasafishwa. Hapana. Sheria ya Tanzania inaruhusu ashtakiwe upya kwa mambo yaleyale, ndiyo maana wapo walioachiwa asubuhi na kukamatwa tena kabla hawajavuka geti la mahakama, ndugu wakiwa wameshaita bajaji. Aliyeachiwa huru baada ya ushahidi kupimwa hashtakiwi tena kwa kosa lilelile. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ikikereka, ikate rufaa. Kwa maoni yangu, hili ndilo la kwanza ndugu wanapaswa kumuuliza wakili: ameachiwa kwa namna gani?

Dhamana nayo si faini, na ya polisi ni bure. Mdhamini anayesaini bondi ya milioni tano kwa kawaida hatoi hizo pesa siku hiyo. Anakuja na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, anaahidi kuzilipa mshtakiwa akitoroka. (Kesi za uhujumu uchumi zina masharti mazito zaidi, hata ya kuweka fedha taslimu au hati ya nyumba.) Hatumikii kifungo cha mwenzake, lakini deni la bondi ni lake. Akianza kumtilia shaka, anaweza kuiomba mahakama imtoe kwenye udhamini; mshtakiwa atafute mwingine au arudi mahabusu.