Je, wajua kwa nini redio ya barabara kuu za Ufaransa husikika 107.7 njia nzima?

Ukitoka Dar es Salaam kwa gari kwenda Mwanza na unataka redio ile ile iongozane nawe, itakubidi uitafute upya mara kadhaa njiani, maana Dar iko kwenye namba hii, Morogoro namba nyingine, Dodoma nyingine tena. Ndiyo sababu watangazaji wetu husoma orodha ndefu ya masafa. Kwenye barabara kuu za kulipia za Ufaransa mambo ni tofauti. Dereva anaweka 107.7 FM, anapewa habari za foleni na ajali, na anaweza kumaliza mamia ya kilomita bila kugusa redio. Kazi hiyo haifanywi na mnara mmoja mkubwa. Inafanywa na mitambo midogo mingi iliyopangwa kando ya barabara, yote ikirusha kwenye masafa hayo hayo.

Aliyewahi kusikia stesheni mbili zikigombania namba moja lazima aulize: mbona hii haigombani?

Mawimbi ya redio yana vilele na mabonde kama mawimbi ya bahari. Kilele kikikutana na kilele, nguvu huongezeka. Kikikutana na bonde, hufutana. Chukua mitambo miwili ya AM, mmoja unarusha kilohezi 1,000 kamili na mwenzake umezidi kwa hezi 1 tu, yaani wimbi moja zaidi kila sekunde. Pale ambapo yote miwili inafika kwa nguvu karibu sawa, sauti itapanda na kuzama mara moja kila sekunde. Tofauti ikifika hezi 1,000, utasikia mluzi juu ya matangazo yote. Kwa hiyo sharti la kwanza ni masafa kulingana barabara. Siku hizi mitambo mingi hufungwa kipokezi cha GPS. Setelaiti za GPS zina saa za atomiki, na kila mtambo hujirekebisha kwa kuzifuata, hata kama haujui mwenzake yuko wapi.

Sharti la pili ni matangazo yenyewe. Katika FM, masafa huyumba kidogo juu na chini kufuata sauti ya mtangazaji. Mtambo mmoja ukiyayumbisha zaidi ya mwingine, sauti inakwaruza pale maeneo yao yanapokutana.

La tatu ni wakati, na hapo ndipo kazi ilipo. Matangazo huondoka studio moja, lakini hufikia kila mnara kwa njia yake, huku kwa mkongo, kule kwa setelaiti. Fundi hana budi kuuchelewesha mnara unaopata mapema ili yote irushe pamoja. Hata hivyo bado hajamaliza, kwa sababu mawimbi nayo husafiri: mita 300 kwa kila mikrosekunde 1, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde. Minara miwili ikirusha kwa wakati mmoja, anayepokea yote miwili pamoja ni yule tu aliye katikati kabisa. Akisogea kilomita 3 kuelekea mmoja, anajitenga na wa pili kwa kilomita 3 vilevile, hivyo tofauti inakuwa kilomita 6, sawa na mikrosekunde 20, na kwa FM ya stirio hiyo tayari ni nyingi.

Hakuna namna ya kulinganisha wakati kila mahali. Kinachowezekana ni kuchagua mgongano uangukie wapi. FM inasaidia, maana kipokezi chake hushika mtambo wenye nguvu na kuupuuza ulio dhaifu, hivyo shida hubaki mpakani tu. Fundi hodari huusukuma mpaka huo msituni au mlimani, mbali na watu. Barabarani kuna ujanja mwingine ninaoupenda zaidi. Antena zote zielekezwe upande mmoja. Mnara wa pili ukiwa kilomita 9 mbele ya wa kwanza, ucheleweshwe mikrosekunde 30, muda ule ule ambao mawimbi ya wa kwanza hutumia kuufikia. Kuanzia hapo kwenda mbele, mawimbi ya minara yote miwili yanasafiri sambamba njia nzima. Ukisimama kwenye foleni eneo la mpaka na redio ikakwaruza, sogeza gari kidogo tu: katika 107.7, urefu wa wimbi ni chini kidogo ya mita 3, na hatua moja au mbili zaweza kukutoa bondeni.

Kuna wakati mbinu hii ilikuwa kinga ya vita. Septemba 1939, BBC iliunganisha vipindi vyake kuwa Home Service na kuiweka mitambo yake kwenye masafa mawili tu, kilohezi 668 na 767. Hofu ilikuwa kwamba rubani wa Kijerumani angeweza kuufuata mtambo wa mji fulani hadi akaufikia. Mitambo kadhaa ikirusha pamoja, dira yake ya redio ingechanganyikiwa. Ndege zikikaribia, mtambo wa jirani ulizimwa, na wasikilizaji waliendelea kupata matangazo hafifu kutoka mitambo ya mbali.

Teknolojia ya dijitali imeligeuza tatizo kuwa faida. Redio ya dijitali ya DAB, iliyochukua nafasi ya FM ya kitaifa Norway mwaka 2017, huacha pengo la mikrosekunde 246 kabla ya kila kipande cha taarifa. Wimbi lolote linalochelewa ndani ya pengo hilo, sawa na kilomita 74 hivi, halivurugi kitu. Kipokezi hulijumlisha na la kwanza. Mfumo wa DVB-T2, ulio ndani ya ving'amuzi vingi vya antena hapa kwetu, unaruhusu jambo hilo hilo kwa televisheni. Bondeni, nyuma ya mlima, ambako mnara mmoja hautoshi, mawimbi dhaifu ya minara miwili au mitatu yakijumlishwa hutoa sauti safi.