Mzee haendi tena barazani: ni uzee tu?

Baba yetu, hapa Makorora, Tanga, alikuwa hakosi bao kila jioni. Siku hizi anashinda ndani. Si umri huo?

Umri hupunguza mwendo. Kukosa hamu ya kila alichokipenda, kwa wiki mbili na zaidi, ni jambo jingine, na huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa. Kwa wazee mara nyingi haiji na machozi: mzee atalalamika mgongo, uchovu, usingizi wa mang'amung'amu, au ataanza kusahausahau. Basi nyumbani hununuliwa dawa ya kuchua, na mwezi unapita. Sonona hutibika hata ukiwa na miaka 80. Daktari aangalie pia upungufu wa damu, tezi ya shingo, dawa anazokunywa, na masikio. Asiyesikia utani wa barazani atachoka kukaa hapo.

Watafiti wa afya ya wazee walimuuliza baba kama anaona maisha yake ni matupu. Swali gani hilo?

Limo kwenye dodoso la maswali 15 ya ndiyo au hapana, linalotumika sehemu nyingi duniani kuchunguza sonona ya wazee. Majibu yake peke yake hayathibitishi ugonjwa. Yanaonyesha nani aonwe na daktari. Ana haki ya kukataa, na asinyimwe matibabu kwa hilo.

Mbona wanasema watarudi tena baada ya miaka?

Hapo ndipo kazi yao ilipo, na mtafiti anaweza kuzeekea humo. Tuseme wacheza bao wamekutwa na kumbukumbu nzuri kuliko wanaoshinda ndani. Bao ndiyo dawa? Pengine aliyeanza kusahau ndiye aliyejitoa mapema, kwa aibu ya kukosea kete. Maradhi ya kusahau huanza ubongoni miaka mingi kabla ya kujulikana, kwa hiyo kuuliza mara moja hakutoshi. Watu walewale hufuatwa, au hugawanywa makundi kwa kura, kisha makundi hulinganishwa. Finland walifanya hivyo kwa watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77: kundi moja lilipewa ushauri wa kawaida, jingine mlo, mazoezi, mafunzo ya akili na uangalizi wa presha na sukari. Baada ya miaka miwili kundi la pili lilifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili. Matokeo yalitoka 2015. Faida haikuwa kubwa mno, lakini ilipimika.

Mazoezi kiasi gani?

Angalau dakika 150 kwa wiki. Baiskeli ya kwenda sokoni inahesabika, na Tanga baiskeli si chache.

Anakataa hospitali, anasema yeye si mwendawazimu.

Msibishane. Mpelekeni kliniki ya presha, na mmoja wenu atangulie kumweleza daktari. Ila akitamka kwamba heri afe, msingoje tarehe ya kliniki: aonwe siku hiyohiyo, kituo cha afya cha karibu au hospitali ya Bombo, asiachwe peke yake, na sumu ya panya na dawa za shamba zitolewe nyumbani.