Kuamini kile macho inaona, hiyo si rasionalizimu

Finalisti, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, akikuja kwangu kutafuta msaada wa filozofia, hapa Lubumbashi, najua mbele ata afungue kaye yake atasema nini: "Mwalimu, mimi niko rasionalisti, siamini kitu mpaka nione na macho yangu." Na si wanafunzi tu, wazazi pia, ata mainjinia wenye diplome zao. Jamani! Mwenye anasema vile ni mtu wa empirisizimu, ile inasema ujuzi wetu unatoka kwa kuona, kusikia na kugusa, iko upande ya wanafilozofia John Locke na David Hume, wale wenye walibishana na marasionalisti. Ni kama mfuasi wa timu ya Mazembe anaingia uwanjani na jezi ya Lupopo, wapinzani wao wa hapa mjini, na anashangaa juu ya nini watu wanamwangalia.

Rasionalizimu inasema hivi: kuna vitu tunajua kwa akili yenyewe, na uhakika wake haukutoka kwa macho, masikio ao vidole. Chukua pembetatu, ile ya kawaida ya kuchora kwa karatasi. Jumla ya pembe zake ni digrii 180. Nawaambia wanafunzi wapime na raporteri, kile kifaa cha kupima pembe, mmoja anapata 179, mwingine 182, na hakuna ata mmoja anasema "basi Euclid, yule Mgiriki wa hesabu za maumbo, alidanganya", wote wanasema mkono njo ulikosea. Sasa kama macho njo mwalimu, juu ya nini unamkana mwalimu mara moja hivyo? Na namba tasa je, zile zinagawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu, kama 2, 3, 5, 7? Euclid alionyesha, kama miaka 300 mbele ya Kristo, kwamba hazina mwisho, nani alizihesabu zote? Descartes naye, mrasionalisti wa Ufaransa, mu sehemu ya sita ya kitabu chake Tafakari, 1641, alileta umbo la pande 1000: jaribu kuliona mu kichwa, hutalitofautisha na la pande 999, lakini akili inajua tofauti vizuri kabisa.

Ao mwangalie Nicholas Saunderson. Ndui ilimpofusha akiwa na mwaka mmoja hivi, akakuja kuwa profesa wa hesabu Cambridge tangu 1711, na alifundisha ata optiki, mambo ya mwanga wenye hakuukumbuka. Sawa, vidole vya kugusa alikuwa navyo, sisemi akili ilifanya yote peke yake, lakini mwambie yeye "naamini kile naona" tusikie atajibu nini.

Shauri langu, na nalirudilia mpaka wanachoka: kwa kila sentensi jiulize kama kuna kitu unaweza kuona kesho chenye kitaiangusha. "Mvua inanyesha Katuba", komine ya hapa Lubumbashi, lazima mtu atoke aangalie. "7 na 5 ni 12", hutoki popote. Leibniz, mrasionalisti wa Ujerumani, aliyagawa vile mu 1714: kweli za akili, zenye kinyume chake hakiwezekani, na kweli za mambo, zenye zingeweza kuwa vingine. Ukishika hiyo tu umeshapita nusu ya darasa.

Sasa fikra zingine za makosa juu ya rasionalizimu, haraka haraka.

"Marasionalisti walitupa macho kabisa." Hapana, Descartes alikuwa anapasua wanyama, na upinde wa mvua aliuchunguza na chupa ya mviringo iliyojaa maji, akaandika mu 1637.

"Rasionalisti hana Mungu." Hii inatoka sana makanisani. Malebranche, mrasionalisti wa Ufaransa, alikuwa padri. Leibniz alitoa kitabu kizima, 1710, kumtetea Mungu juu ya uovu wa dunia. Spinoza, mrasionalisti mwingine, ndiye alitengwa na Wayahudi wenzake wa Amsterdam mu 1656, na ata yeye sehemu ya kwanza ya Etika yake inaitwa "Kuhusu Mungu".

"Mawazo ya kuzaliwa nayo, yenye marasionalisti wanasema, ni kusema mtoto anazaliwa anajua hesabu." Soma Leibniz: ni mwelekeo wa akili, na mtoto anahitaji uzoefu ili uamke.

"Akili ni ya Wazungu, sisi ni watu wa moyo." Kuisikia hii hapa inaniuma, juu ni hapa hapa, Elisabethville ya 1945 (jina la zamani la Lubumbashi), kitabu cha padri Placide Tempels juu ya filozofia ya Kibantu kilichapwa kwa Kifaransa. Mwanafilozofia Hountondji wa Benin akakuja kukishambulia: filozofia ya watu wote pamoja, bila mtu hata mmoja anayetoa hoja na kujibiwa, hiyo ni filozofia gani? Wale wenye wananiambia hatuna akili ya hoja, kawaida wanakuja na hoja tatu zimepangwa vizuri za kunihakikishia.