Kiingereza kama lugha ya kigeni: maana ya dhana hii katika vyuo vikuu vya Nairobi

Mwanafunzi aliyelelewa Kayole akijiandikisha kusoma Kichina katika Taasisi ya Confucius, iliyofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, hahitaji kuelezwa maana ya lugha ya kigeni. Lugha hiyo anakutana nayo kwa saa chache kila wiki, na akishavuka University Way kwenda kutafuta matatu ya kumrudisha nyumbani, inabaki nyuma yake darasani. Kondakta hamdai nauli kwa Kichina, mama mboga hamrudishii chenji kwa Kichina, na katika kozi yake kuu, iwe ni ya uhandisi au ya uchumi, hakuna mhadhiri atakayedai kazi yake iandikwe kwa Kichina. Akikosa vipindi vya wiki moja, basi wiki nzima imepita bila ya kusikia sentensi hata moja ya lugha anayojifunza.

Hali hiyo ndiyo wataalamu wa isimu tumizi wanayoikusudia wanapotaja lugha ya kigeni: lugha ambayo mtu hujifunza mahali ambapo jamii inayomzunguka haiitumii kuendeshea shughuli zake, kiasi kwamba mwalimu, kitabu na, siku hizi, simu ndiyo milango michache ambayo lugha hupitia ili imfikie. Lugha ya pili ni jambo jingine. Nayo si lugha ambayo mtu alianza nayo nyumbani, lakini imemzunguka. Anaikuta shuleni, mahakamani, benki, magazetini na kwenye fomu za serikali, na hawezi kuikwepa hata akitaka. Neno "pili" hapa halihesabu chochote. Mkenya aliyeanza na Kikamba, akaongeza Kiswahili na baadaye Kiingereza, anazo lugha tatu, na bado Kiingereza chake huitwa lugha ya pili.

Neno "kigeni" nalo hupotosha kidogo, kwa kuwa msikilizaji hudhani linaeleza lugha ilikotoka. Kwa kigezo hicho Kiingereza kingekuwa cha kigeni barani Afrika kote, na dhana yenyewe isingetusaidia kutofautisha lolote. Kinachoelezwa ni uhusiano uliopo baina ya mwanafunzi, lugha na mahali. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwa mfano huo tunaweza kusema kwamba lugha ya kigeni ni mgeni ambaye bado ameketi sebuleni, ilhali lugha ya pili ni mgeni aliyekwishapelekwa shambani. Nchini Kenya, Kiingereza kilipewa jembe zamani. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ikarejesha lugha ya eneo la shule katika madarasa matatu ya kwanza na kukiachia Kiingereza kazi ya kufundishia kuanzia darasa la nne. Na Katiba ya mwaka 2010, katika ibara yake ya saba, ikakitaja kuwa lugha rasmi pamoja na Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya taifa.

Mwanaisimu mzaliwa wa India, Braj Kachru, ndiye aliyeuchora mgawanyo huu kwa namna inayokumbukwa zaidi, pale alipoeleza mwaka 1985 kwamba Kiingereza duniani kimekaa katika miduara mitatu. Mduara wa ndani ni wa nchi kama Uingereza na Marekani, ambako watu wengi huzaliwa nacho. Mduara wa nje ni wa nchi zilizokipokea kupitia ukoloni na kukiweka katika utawala na elimu, kama vile India, Nigeria na Kenya. Mduara unaopanuka ni wa nchi kama China, Japani na Urusi, ambako hufunzwa kama lugha ya kigeni. Jambo la maana katika hoja yake ni kwamba watu wa mduara wa nje hawangoji kuambiwa na London lipi ni sahihi. Wao hujitengenezea mazoea yao, nayo huzaa kanuni. Mtumishi wa ofisi jijini Nairobi anayekuandikia barua kwamba "kindly avail the documents" hajakosea kwa mizani ya hapa, ingawa Mwingereza angetumia kitenzi kingine. Mwanafunzi wa mduara unaopanuka hana ruhusa hiyo. Yeye akisema vivyo hivyo, mwalimu wake atachukua kalamu nyekundu.

Tatizo ni kwamba miduara ya Kachru inagawa nchi, ilhali chuo kikuu hupokea watu. Keti nyuma katika ukumbi wowote wa mihadhara ya mwaka wa kwanza jijini Nairobi, na utawakuta kwenye benchi moja kijana wa Machakos aliyesoma kwa Kiingereza tangu darasa la nne, binti wa Bukavu aliyefanya masomo yake yote kwa Kifaransa, kijana wa Juba ambaye wazazi wake walikimbilia Khartoum naye akasomeshwa huko kwa Kiarabu, na mwingine kutoka Mogadishu aliyesoma Kiingereza kama somo moja kati ya mengi. Wote wanne wamepewa ratiba moja, slaidi zile zile na tarehe moja ya kuwasilisha kazi. Lugha anayoizungumza mhadhiri ni moja, lakini kwa wa kwanza ni lugha ya pili na kwa watatu waliobaki ni lugha ya kigeni ambayo, kwa ghafla ya muhula mmoja, imegeuka kuwa lugha ya kufundishiwa.

Hapo ndipo cheo cha tatu kinapoingia, na watu wengi hukichanganya na vile viwili vya kwanza. Kufundishwa Kiingereza ni jambo moja; kufundishwa kwa Kiingereza ni jingine. Katika vyuo vikuu vya China, kwa mfano, mwanafunzi wa fizikia hufundishwa fizikia kwa Kichina, na Kiingereza huwa somo la pembeni lenye mtihani wake wa kitaifa, ambao ulianza mwaka 1987. Akishindwa, ameshindwa Kiingereza tu; fizikia yake ipo. Binti wa Bukavu hana kinga hiyo jijini Nairobi. Asipoelewa sentensi ya mhadhiri anakosa vitu viwili kwa pamoja, lugha na somo lenyewe, na kwenye karatasi ya majibu hakuna safu ya kuonyesha kipi kati ya hivyo kilimwangusha.

Ningependa kuonya, kabla ya kuendelea, kwamba pasipoti si kipimo. Wako vijana wenye asili ya Somalia waliokulia Eastleigh, au katika kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma, ambako shule hufuata mtaala wa Kenya, nao walifanya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, kwa Kiingereza kama mtahiniwa yeyote wa Nyeri au Kisii. Kumweka mmoja wao katika kundi la wanaoanza, kwa sababu ya jina lake tu, ni kosa la kiutafiti na pia ni utovu wa adabu. Nimewahi kushuhudia jambo hilo likitendeka, na kijana yule, kwa Kiingereza kisicho na doa, akamuuliza mkufunzi kama angependa kusomewa orodha ya majina ili kazi iende haraka.

Swali linalofuata ni hili: je, kuishi Nairobi kwenyewe hakutoshi kukigeuza Kiingereza cha kigeni kuwa cha pili? Vitabu vya nadharia hudokeza kwamba mazingira hufanya nusu ya kazi ya mwalimu. Nairobi hufanya robo, tena kwa masharti. Mabango, mikataba ya nyumba na ujumbe wa benki huandikwa kwa Kiingereza, lakini maisha ya mdomo huendeshwa kwa Kiswahili na Sheng. Mgeni anayepanga chumba Kasarani hujadiliana na mlinzi wa geti kwa Kiswahili, hununua chapati kwa Kiswahili, na huzomewa kwenye foleni ya matatu kwa Sheng. Wanafunzi wenzake wanapotoka ukumbini huacha Kiingereza mlangoni. Mkongomani wa mashariki, ambaye tayari ana Kiswahili chake, huona ahueni kubwa na huzama humo. Miezi sita baadaye anachekesha watu kwa Sheng, na Kiingereza chake kiko pale pale alipokiacha. Kwake jiji hili ni mazingira ya lugha ya pili kwa macho, na mazingira ya lugha ya kigeni kwa masikio.

Lakini upande wa pili una mshangao wake, na huu ndio naona haujadiliwi vya kutosha. Mwaka 1979 Jim Cummins, mtafiti wa elimu nchini Kanada, alitenganisha umilisi wa mazungumzo na umilisi wa taaluma. Ule wa kwanza, alieleza baadaye, mtoto mhamiaji huupata kwa takriban miaka miwili. Wa pili humchukua kati ya miaka mitano na saba. Mtu anaweza kupiga gumzo kwa ufasaha mkubwa na bado asiweze kuandika aya inayotofautisha matokeo yanayoashiria jambo na matokeo yanayolithibitisha. Kijana wetu wa Machakos yuko hapo hasa. Kiingereza chake cha mdomo hakimpi shida, kwa hiyo mhadhiri hudhani kila kitu kiko sawa, mpaka pendekezo la utafiti linapowasilishwa.

Binti wa Bukavu ana sura iliyogeuzwa. Katika kantini anababaika kuagiza chai, lakini sura ya kitabu cha uchumi anaipitia haraka kuliko jirani yake, kwa sababu msamiati wa taaluma katika Kiingereza umejaa maneno yenye asili ya Kilatini na Kigiriki, ambayo Kifaransa nacho kinayo. Orodha ya maneno ya kitaaluma aliyoitoa Averil Coxhead wa New Zealand mwaka 2000 ina familia 570 za maneno, na sehemu kubwa ya hayo msomaji wa Kifaransa huyatambua kwa macho: "hypothesis" ni "hypothèse", "analysis" ni "analyse". Bila shaka ndugu hawa wa lugha wakati mwingine ni ndugu wa uongo. "Librairie" ni duka la vitabu, na mgeni anayekwenda "library" akiwa ameshika pesa mkononi hujifunza hilo mara moja tu. "Actuellement" ni kwa sasa, wala si kwa hakika, na kosa hilo huchukua muda mrefu zaidi kugundulika kwa kuwa sentensi bado inasomeka. Kwa aliyesoma kwa Kiarabu hakuna urithi wa namna hiyo. Yeye huanza na mwelekeo wa kuandika, kutoka kushoto, na sauti kama "p", ambayo Kiarabu sanifu hakina, hivyo "paper" hutoka ikiwa na "b" mwanzoni na katikati.

Kutokana na haya ni rahisi kuona kwa nini kozi ya stadi za mawasiliano, ambayo takriban kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulazimika kuipitia, huwaacha wengi walivyokuwa. Imeundwa kwa kudhani kwamba wasikilizaji wote wana Kiingereza cha pili kinachohitaji kunolewa tu, basi hufundisha kuandika ripoti, kunukuu vyanzo, kusoma kwa haraka na kuzungumza mbele ya watu. Hayo ni mafunzo mazuri kwa kijana wa Machakos, na hata yeye angefaidika zaidi kama angesahihishiwa aya zake badala ya kufanyishwa mtihani wa kuchagua jibu. Wenzake watatu wanahitaji kitu ambacho walimu wa lugha ya kigeni hukifanya kwa mazoea: kiwango cha kila mmoja kupimwa mwanzoni, saa nyingi za kusikiliza na kusoma matini zinazolingana na kiwango hicho, nafasi ya kukosea bila kukatwa alama, na sarufi inayofundishwa kwa kulinganisha na lugha ambayo mwanafunzi tayari anaijua. Kwa mhadhiri wa kemia hatuwezi kudai haya yote. Tunaweza kumwomba atoe istilahi za mhadhara siku moja kabla, na aandike ubaoni neno jipya badala ya kulitamka tu.

Jambo moja limesalia, nalo humkuta Mkenya pale anapodhani kwamba mjadala huu unawahusu wageni pekee. Akiomba kwenda kusoma Uingereza hukuta kwamba Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo uhamiaji wa huko huzihesabu kuwa za wazungumzaji wa Kiingereza, ingawa Jamaika na Malta zimo. Vyuo vingine humkubalia kwa gredi yake ya Kiingereza ya KCSE. Vingine humtaka afanye IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, ambao matokeo yake hutambuliwa kwa miaka miwili tu, kana kwamba lugha huoza kabatini. Asubuhi ya mtihani kijana wa Machakos hujikuta foleni moja na binti wa Bukavu, kila mmoja na kitambulisho chake mkononi, wakisubiri kupimwa kwa mizani ile ile na watu ambao hawajali nani kati yao alikipata Kiingereza darasa la nne.