Je, wajua? Aliyeleta wazo la Mlipuko Mkuu alikuwa padri

Hivi mtu anaweza kumwamini Mungu na bado akawa mwanasayansi wa kweli? Vijana wengi wakifika chuo wanaambiwa chagua moja, na mfano unaotolewa sana ni Mlipuko Mkuu (Big Bang), yaani wazo kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo na tangu hapo unatanuka, eti huo ndo umemaliza habari za Mungu. Kumbe wazo lenyewe lilitoka kwa padri wa Kikatoliki.

Anaitwa Georges Lemaître, Mbelgiji, kazaliwa 1894. Alipigana vita ya kwanza ya dunia, akapata upadri 1923, akaenda kusoma Cambridge halafu Marekani, na 1927 akatoa makala inayosema ulimwengu unatanuka, yaani magalaksi (yale makundi makubwa mno ya nyota) yanazidi kuachana na lililo mbali zaidi ndo linaenda kasi zaidi. Mwanaastronomia Mmarekani Edwin Hubble alitoa vipimo vyake maarufu vya jambo hilohilo miaka miwili baadaye. Einstein alipokutana na Lemaître Brussels mwaka huohuo wa 1927 alimwambia hesabu zako ziko sawa ila fizikia yako ni mbovu kabisa, na huyo ni Einstein anaongea, lakini padri hakurudi nyuma, 1931 akaongeza kwamba ukifuata mambo kinyumenyume unafika mahali vyote vilikuwa kitu kimoja, kama atomu moja tu.

Hapo ndo shaka ikazidi. Fred Hoyle, mwanaastronomia Mwingereza, yule aliyelipa wazo hilo jina la Mlipuko Mkuu redioni BBC mwaka 1949, hakulikubali kabisa, aliona linanuka dini. Na kwa kweli kushuku kulikuwa na sababu, padri anakuja na ulimwengu wenye mwanzo, nani asingejiuliza? Ila angalia alichofanya Lemaître. Kwenye rasimu ya barua yake ya 1931 kwa jarida la Nature alikuwa ameandika mwishoni sentensi inayomtaja Mungu aliyefichika, halafu akaikata mwenyewe, haikutoka. Imani hakuiacha, alibaki padri mpaka anafariki 1966, ila aliona barua ya fizikia isimame kwa fizikia.

Kwangu mimi kisa kikubwa ni cha 1951. Papa Pius XII alihutubia Chuo cha Sayansi cha Vatikani akasema sayansi ya kisasa inashuhudia ile siku Mungu aliposema iwe nuru. Waumini wengi tungeshangilia, si ndiyo? Lemaître hakufurahi hata kidogo. Mwaka uliofuata alipita Roma akaongea na watu wa Vatikani, na Septemba 1952 Papa alipowahutubia wanaastronomia waliokutana hukohuko Roma, ile hoja hakuirudia.

Sasa sikia ilikuwaje kwenye mkutano huohuo. Vipimo vya wakati ule vilikuwa vinaupa ulimwengu umri wa miaka kama bilioni 2, wakati miamba ya dunia ilishaonekana kuwa na zaidi ya hapo, yaani mtoto kamzidi mama umri! Akasimama mwanaastronomia Walter Baade akaeleza kwamba umbali wa magalaksi ulikuwa umepimwa vibaya, uongezwe karibu mara mbili, na umri ukapanda hivyohivyo (leo tunasema bilioni 13.8). Ungekuwa umetundika imani yako kwenye zile namba za mwanzo ungefanyaje siku hiyo? Ndo maana mimi na imani yangu nikitumiwa zile klipu za "sayansi yathibitisha maandiko" sizisambazi, maana anayepokea imani kwa njia hiyo atakuja kuipoteza kwa njia hiyohiyo vipimo vikibadilika.

Na ushahidi wenyewe wa Mlipuko Mkuu ulikuja kwa njia ya kawaida ya kazi. 1965 wanasayansi wawili, Penzias na Wilson, huko New Jersey, Marekani, walikuwa na antena ya redio yenye mvumo usioisha, wakadhani ni uchafu wa njiwa, wakaisafisha, mvumo ukabaki, kumbe ni joto lililobaki tangu ulimwengu ukiwa mchanga. Lemaître alipewa habari hiyo akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufa, na 2018 wanaastronomia wa dunia wakapiga kura ile kanuni ya magalaksi kuachana, iliyokuwa ikiitwa ya Hubble, iitwe ya Hubble na Lemaître.