Kura Tatu: sharti lililowageukia waliolitunga

Kila nikifundisha historia ya uhuru hapa Tanga, vijana wanaijua tarehe 9 Desemba 1961 kwa moyo. Mwaka 1958 hawaujui, nami naona huo ndio wa kusomwa kwa makini.

Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, mikononi mwa Waingereza. Baraza la Kutunga Sheria liliundwa 1926, lakini Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingia 1945, tena kwa kuteuliwa. Mwaka 1955 Gavana Twining akagawa viti visivyo vya serikali: kumi Waafrika, kumi Waasia, kumi Wazungu. Eti huo ndio usawa, katika nchi ambayo Waafrika walikuwa mamilioni na Wazungu maelfu tu!

Kisha ukaja uchaguzi. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Ili uandikishwe, uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 250 kwa mwezi, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Manamba waliokata mkonge na kuubeba uchumi wa Tanga mgongoni wakaachwa nje. Jambo hili linaniuma hadi leo.

Wengi ndani ya TANU walitaka kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini mkutano wa Tabora, Januari 1958, uliamua kuingia; Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda chama chake, ANC (African National Congress). Nyerere aliona kwamba kususia ni kuwaachia UTP, chama kilichopendwa na Gavana, baraza zima. Na sharti lenyewe lilikuwa na upenyo: Mwafrika akilazimishwa kumpigia Mzungu kura, basi yeye ndiye anayeamua ni Mzungu yupi.

Tanga ilipiga kura awamu ya kwanza, Septemba 1958. Majimbo mengine yalifuata Februari 1959. TANU, ambayo wakati huo ilikuwa na wanachama Waafrika pekee, iliunga mkono Wazungu na Waasia iliowaamini. UTP haikuambulia kiti.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, madaraka ya ndani yakaja 1 Mei 1961, na uhuru Desemba. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa 1954 ulikuwa umekadiria kwamba uhuru ungechukua miaka 20 hadi 25.